Matundu Ishirini na Manne

Jumamosi, 2 Machi

Nimetoka kuungama. Miezi saba! Nilisoma orodha yangu mbio mbio, nikitegemea Baba Yetu tatu na Salamu Maria tatu, nimalize kabla sijafika getini. Ile dhambi moja niliifukia katikati ya ndogondogo. Paroko mzee husinzia kwenye zote. Kwenye hiyo akaamka.

Dhambi yenyewe: mbele ya wanakwaya nilisema wifi yangu macho yamekwisha, siku hizi anashona kwa kupapasa. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kuliko wote. Wiki iliyofuata wateja wake wawili wakahamia kwangu. Sikuwarudisha.

Wifi ni dada yake Baba watoto. Tunashona jengo moja, chumba chake na changu vimetengwa na ukuta wa mbao tu. Akikohoa naitikia pole.

Kitubio: nimtendee wifi jema moja, la jasho langu, na asijue ni mimi. Basi. Hakuna Salamu Maria hata moja! Nikauliza, je, nikisali rozari mbili? Akasema rozari nisali tu, hazikatazwi.

Jumapili, 3 Machi

Jema gani sasa? Nikimsifu kwa watu, atasikia na atauliza nimepatwa na nini. Nikimpelekea zawadi, itamshtua — miaka kumi na tisa hajapokea kwangu hata sindano. Na jasho lazima litoke. Hapo ndipo paroko aliponiweza. Kusali nasali nimekaa.

Ningemuuliza tena, lakini ameondoka leo kwenda mafungo. Amenifungia mlango na funguo kaondoka nazo.

Jumatatu, 4 Machi

Nimewahi kazini, nikafagia mbele ya mlango wa wifi, nikadeki, mgongo ukalia ka! Jasho lilikuwepo. Nikajificha chumbani kwangu kusikiliza matunda.

Wifi kafika. Kamkuta Mzee Kengele, msafishaji wa jengo (tunamwita hivyo kwa lile shada la funguo kiunoni, unamsikia akiwa ghorofa ya chini). "Leo umekumbuka kazi yako," wifi akamwambia. Mzee akajibu, "Asante, mama," maskini, hajui anashukuru nini.

Hilo halihesabiki. Nilimtendea Kengele, tena nikamponza.

Jumanne, 5 Machi

Nimesikia kupitia mbao. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kwa wifi. Mashati kumi ya kwaya hayajakamilika, yamebaki matundu ya vifungo tu. Kile kifaa cha kutobolea matundu kwenye cherehani yake kimevunjika, na kifundo cha mkono kimemvimba. Mwenyekiti akasema yasipokuwa tayari Jumamosi, kazi yote inahamia chumba cha pili.

Chumba cha pili ni mimi!

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: kwanza nilifurahi. Kisha nikakumbuka kitubio. Kisha nikakasirika kwamba nimekikumbuka.

Ufunguo wa akiba wa chumba chake uko kwetu, umening'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda. Baba watoto alipewa mwaka ule vyumba vilipotengwa. Wifi amesahau. Mimi sikusahau.

Jumatano, 6 Machi

NIMETIMIZA!

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa ndani. Nimevaa aproni yangu, nimewasha taa yake, nimekaa kwenye kiti chake — kina mto laini, kumbe mwenzangu anajipenda. Mashati manne. Matundu sita kila shati. Ishirini na manne kwa mkono, mpaka vidole vikawa kama si vyangu. Mashati sita yaliyobaki atayaweza mwenyewe polepole. Nikazima, nikafunga, nikazunguka nje, saa mbili nikaingia kazini kama mtu aliyetoka kitandani. "Wifi, umeamkaje?" "Salama, wifi." Nilikuwa mwepesi! Nilitamani paroko anione. Nilitamani — ndiyo — na yeye wifi ajue. Nikauuma ulimi.

Hiyohiyo Jumatano, saa sita

Balaa.

Wifi hakushangilia. Alipiga ukelele. Jengo zima limejaa mlangoni kwake. Ameingia mtu! Na kimkasi cha kukatia uzi, kile cha mpini wa shaba alichoachiwa na marehemu mama yao, hakipo.

Fundi viatu wa chini akauliza, mwizi gani anaingia kuiba kisha anashona? Wifi akasema wa siku hizi wana ufundi. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akamgeukia Mzee Kengele. Mwenye ufunguo mwingine ni nani? Mzee akasema, "Mama, mimi hata uzi siwezi kuupenyeza sindanoni." Wifi akasema hajamtuhumu kushona.

Msimamizi wa jengo ameitwa. Atakuja Ijumaa saa nne. Kengele ana miaka kumi na mmoja hapa.

Nilisimama nyuma ya watu, nikasema, "Jamani, labda ni mtu mwema." Wote wakanitazama. Nikarudi kwangu.

Jumatano, jioni

Nimevua aproni niifue. Mfukoni kuna kitu kigumu.

Kimkasi. Mpini wa shaba.

Mkono wa fundi, ukimaliza kukata uzi, unajua kwa kwenda: mfukoni. Mkono haukuuliza mkasi ni wa nani.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa kwanza: nikirudishe kimkasi chini ya meza, aone kilidondoka. Lakini jana walitafuta chini ya meza watu wanane. Mpango wa pili: nikitupe. Mungu wangu, kitu cha mama mkwe! Alinifundisha kushona kwa hichohicho, akinipiga nacho kwenye vidole.

Nikisema, kitubio kimeharibika. Nisiposema, Mzee anafukuzwa. Nimeng'ang'ania sharti: "asijue ni mimi." Lina herufi kubwa kichwani mwangu tangu jana. Mtu ambaye hajawahi kutimiza mfungo wa Kwaresima hata wa sukari, leo ni mshika sheria!

Nimekwenda kwa padre kijana, msaidizi. Nilimkuta uani akirudisha mnyororo wa baiskeli, mikono yote grisi. Nikamweleza kwa mafumbo, eti kuna mama mmoja. Akaniambia nisizunguke, nitamharibia mnyororo. Nikasema yote. Nikamwomba anibadilishie kitubio, hata rozari kumi.

Aliendelea kuzungusha pedali. Akauliza ile siri niliyopewa ilikuwa ya kunizuia nisisifiwe, au ya kunizuia nisijulikane nilichokosa?

Nikasema nitafikiri. Akasema nisifikiri mpaka Ijumaa saa tano.

Hawa vijana!

Alhamisi, alasiri

Vipimo vya mtu nimeandika kiuno mahali pa urefu.

Wifi kaingia kwangu na shati moja la kwaya. Hakukaa. Akalitandaza mezani pangu, chini ya dirisha. "Hebu angalia, wifi. Huyu mwizi wangu anaanzia kushoto. Ona fundo lilipo. Ona uzi ulivyolala."

Jengo hili lina mshonaji mmoja wa mkono wa kushoto.

Nikasema, eee, kweli, kazi nzuri. Kazi nzuri! Nilijisifu mwenyewe.

Akakunja shati taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. "Watu huko kwaya wanasema macho yangu yamekwisha," akasema. "Hili lakini nimeliona."

Akasubiri. Nikahesabu vifungo vyote kwenye kopo. Kisha: "Kesho saa nne, wifi." Akaondoka.

Anajua. Lakini anajua lipi? Matundu, au maneno? Kama anajua yote, mbona hajamwachia Mzee? Au ananiachia mimi nimwachie?

Ijumaa, 8 Machi

Saa tatu na nusu. Sijashona hata mshono mmoja. Baba watoto aliniuliza asubuhi kulikoni nimetia chumvi kwenye chai. Nikamwambia ni Kwaresima.

Nimepanga la kusema. Matundu nitayasema kwanza, yananipendezesha. Kisha kimkasi. Yale ya macho — labda siku nyingine.

Hapana. Nimefuta. Yale ya macho kwanza. Nikianza na matundu nitaishia kwenye kushukuriwa.

Saa nne kasoro. Nasikia funguo za Mzee Kengele zinapanda ngazi. Leo hazipigi ngoma, amezishika kwa mkono ili zinyamaze. Nyuma yake viatu vya msimamizi.

Wifi amefungua mlango. Anaita kupitia mbao, sauti yake ya kawaida kabisa, ya kuomba kuazima chaki:

"Wifi! Njoo na wewe, uwe shahidi."

Kimkasi ninacho mkononi. Wa kushoto. Kalamu nimeihamishia kulia, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Ameita tena.