Oili Mpya katika Uwanja wa Mama Mkwe

Wanamapambano wenzangu, ninyi mnaoendesha magari yaliyozaliwa kabla yangu! Ninyi mnaoambiwa kila siku kwamba chuma chenu kimekwisha, na bado kila asubuhi kinawaka na kupanda hadi Igoma bila kuomba radhi! Nawasalimu kwa heshima ya injini inayokataa kufa. Ni mimi Rebeka, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, katika kipindi chetu cha redio cha kutetea magari makuukuu na watu wanaoyategemea. Leo nasoma barua moja tu, kwa ruhusa ya mwandishi wake, kwa sababu ndani yake gari zuri limekaribia kuchinjwa kwa kosa ambalo halikulitenda.

*Mpendwa mshauri Rebeka,*

*Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ijayo, maana baada ya siku hiyo sijui nitaingia Kisesa kwa uso gani. Mimi naitwa Ojuok, mzaliwa wa Rorya, nauza nyavu hapa Igogo, na mke wangu Gladness ni Msukuma wa Kisesa ambaye baba yake alifariki mwaka jana akaacha gari dogo alilolipenda kama mtoto wa mwisho, na mama mkwe, ambaye haendeshi bali hupelekwa nalo kliniki na kanisani, alinitumia funguo kupitia Gladness na neno moja tu, kwamba mkwe wangu alitunze, nami nikaona kwamba mtu aliyepewa heshima ya namna hiyo hawezi kuendelea kulimiminia ile oili nzito ya kawaida, ishirini hamsini, aliyoizoea mzee mwaka nenda mwaka rudi, nikaenda dukani nikachagua sintetiki, ile oili ya kisasa ya bei kubwa, tena nyepesi kuliko zote, sifuri ishirini, kwa kuwa muuzaji aliniambia ndiyo inayowekwa kwenye magari mapya, na nakuapia mshauri, injini ilinguruma kwa upole hata Gladness akasema, "Baba angekuwepo angekununulia soda."*

*Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu baada ya wiki kadhaa gari lilianza kudondosha oili, na halikudondosha barabarani ambako hakuna anayejua, lilidondosha katika uwanja wa mama mkwe, uwanja anaoufagia kila alfajiri mpaka unaona mistari ya ufagio, na mimi nilivyolelewa, mkwe hamsogelei mama mkwe wake na habari ya aibu, hata chakula sili mbele yake, basi kila nilipofika nilitoa boksi la sabuni nililolikunjua, nikalisukuma chini ya injini, na nilipoondoka nikalichukua, nikidhani haonekani kitu, kumbe siku moja gari lilisogezwa na boksi likabaki pembeni, na mama akamtuma Gladness aniambie, "Mwambie mwenzio, gari la baba yako halijawahi kukojoa uwanjani kwangu."*

*Shemeji yangu Chenge alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Shemeji, mzee amezoea ugali, wewe umemlisha pilau la harusi, unategemea tumbo lifanye nini?" lakini siku iliyofuata hakucheka tena, alinieleza kwamba mama amemwagiza atafute mnunuzi, na aliyepatikana ni mtu anayekata magari na kuuza vipuri, naye anakuja Jumamosi, na Gladness hali vizuri tangu asikie, na fundi mmoja ananishauri nisuuze injini kwa dizeli, nirudishe oili nzito na ninyamaze, na mwingine anasema sintetiki ikishaingia kwenye injini ya zamani ndiyo basi, haina marejeo. Mshauri, niambie ukweli hata kama unauma. Je, nimeiua injini ya marehemu?*

Ndugu Ojuok, keti chini, vuta pumzi. Hujaua kitu.

Nani aliyetangaza kwamba sintetiki ni sumu ya injini kuukuu? Ni hofu ile ile inayorithishwa gereji hadi gereji bila mtu kuidai ushahidi! Nisikilize. Oili ya sintetiki ina nguvu ya kusafisha. Injini iliyokula oili ya kawaida kwa miaka mingi hujenga uchafu mgumu, na uchafu huo huziba nyufa za gasketi na sili, vile vizibo vya mpira vinavyozuia oili isitoke, vilivyochoka. Oili mpya ilipouyeyusha, nyufa zikabaki wazi. Ugonjwa ulikuwepo siku zote; wewe umeondoa bandeji. Hiyo si jinai.

Lakini usianze kutabasamu, maana kosa unalo, na ni lako mwenyewe. Uzito wa oili hauchaguliwi kwa sababu gari jipya la jirani linautumia. Sifuri ishirini ni nyepesi mno kwa injini ya umri ule. Hupenya hata pale ambapo oili ya uzito unaofaa ingezuilika. Ulitaka kumheshimu marehemu, ukamnunulia kiatu cha mtu mwingine.

Na sasa nakupa habari niliyokuficha tangu uliponiruhusu kuisoma barua hii. Jumapili nilikwenda Kisesa kwa mama mkwe wako, Chenge akinionyesha njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe yule wa redioni unayepiga kelele?"

"Ndiye mimi."

"Basi punguza sauti, kuku wangu anaatamia."

Nikapunguza, wanamapambano, kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na chuo. Gari lilikuwa pale uwanjani likimsubiri mnunuzi; Chenge akalifungua kwa funguo ya akiba, nami nikainua boneti mbele ya mama. Oili ilikuwa ikitoka sehemu moja tu, kwenye gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, iliyokauka ikawa inavunjika kama biskuti. Kijiti cha kupimia kilionyesha upungufu mdogo. Hakuna maji ndani ya oili, hakuna moshi, hakuna kugonga. Nikamwambia mama, "Gari hili ni zima. Linahitaji gasketi na oili ya uzito wake."

Kisha akasema, "Mwanangu, oili ardhini naimwagia mchanga, nafagia, yamekwisha. Yale maneno ya kukojoa nilikuwa namtania, nikitarajia atanijibu kupitia kwa mke wake. Hakujibu. Mkwe wangu anakuja na boksi kwapani, analiweka, analitoa, hasemi. Nikajua gari la mume wangu linakufa na yeye anaona haya kuniambia. Ndipo nikasema liuzwe, asiendelee kuteseka kwa ajili yangu."

Umesikia, Ojuok? Mama hakuwa anakuadhibu! Alikuwa tayari kuachana na gari la mume wake ili kukuondolea aibu, nawe ulikuwa tayari kuisuuza injini kwa dizeli ili kumwondolea yeye huzuni. Watu wawili wenye heshima kubwa, na katikati yao boksi la sabuni! Mila yako haikukuamuru unyamaze. Ilikuamuru upeleke neno kupitia mjumbe. Mke unaye, shemeji unaye, na shemeji mwenyewe mdomo anao. Uliwaacha wote ukalituma boksi.

Basi fanya hivi, bila mjadala. Dizeli isikaribie injini hiyo. Dizeli hailainishi chuma kama oili, na uchafu utakaobomoka kwa pupa utaziba njia za oili. Badilisha gasketi. Mwaga hiyo sifuri ishirini. Kitabu cha gari kimo kwenye droo ya dashibodi, nimekiona: kwa joto la huku kwetu kinaruhusu oili ya kumi arobaini, nzito kuliko hiyo yako, nayo inapatikana hata ya sintetiki. Weka filta mpya, na safari hii uibadilishe mapema kuliko kawaida, kwa sababu uchafu unaoyeyuka utaishia humo. Pima oili kila wiki, gari likiwa limepoa, mahali tambarare. Ikiwa bado litavuja kwingine, ziba hapo, au rudi kwenye oili ya kawaida ya uzito huo huo. Hizo mbili huchanganyika bila vita, na anayekwambia hakuna marejeo mwambie Rebeka amekataa. Na leo hii, kabla hujala, mwambie Gladness kila kitu, naye aende kwa mama yake kama mjumbe wako.

Chenge amekwisha kumpigia mkata magari asije. Gasketi ataileta yeye, kama faini ya utani wa pilau. Funguo zinabaki kwako. Hilo mama amelisema mara mbili.

Kwa hiyo, wanamapambano, Jumamosi hatukutani Igoma kama kawaida yetu. Tunakutana Kisesa, uwanjani kwa mama huyo, saa tatu kamili asubuhi, na Ojuok ndiye atakayefungua mfuniko mbele yetu sote. Njoo na kitambaa cha kufutia kijiti cha oili. Mama ameahidi uji, ameahidi kufagia mapema, na ametoa sharti moja tu, nalo nalitangaza kama lilivyo: atakayeingia na boksi atarudishwa getini.