Herufi Moja ya Penseli

Yaya Domitila, dada yangu mkubwa wa kazini,

Tangu tukuzike, maabara yetu hapa Gisenyi imepakwa rangi mpya, na kiti chako hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza, watu wanakizunguka tu. Chef mpya, mkuu wetu aliyeletwa baada yako, ni mtu mpole, lakini kahawa yake, yooo, ungeimwaga mbele yake.

Nataka kukushukuru, Yaya. Ila kabla ya shukrani iko aibu yangu, nivumilie.

Unakumbuka nilivyokuja kwako sijawahi kushika hata panya? Ulinipa kindi akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, kichwa tu nje, ukaniambia nimchane juu ya beseni jeupe kwa kile kitana cha meno membamba. Viroboto walipoanza kurukaruka nilipiga kelele, na kutwa nzima nikajikuna kichwa. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "We, hawa ni viroboto ya kindi, we hawakutaki! Iko na harufu mubaya kwao." Bon, nikazoea. Chawa mgongoni, utitiri tumboni, kupe nyuma ya masikio: ulinionyesha pa kumtafuta kila mmoja, na namna ya kumchomoa kupe kwa kibano bila kumkata kichwa.

Na ile sheria yako ya daftari. "Kama haukuona kitu, usiandike 'hakuna'. We ni Mungu? Andika 'sikuona'."

Sasa aibu yenyewe. Siku dada yangu alipojifungua Goma, nilitaka kuvuka kabla mpaka haujafungwa. Kindi wa mwisho alitoka Nyakiriba, kwa Mama Furaha. Watoto wake walimwokota chini ya mti wakamfuga, wanalala naye, na mama yao alitaka jibu moja tu: je, ana wadudu wa kuwadhuru? Yule kindi akaniuma kidole. Nikamrudisha kizimbani bila kumchana wala kugusa masikio, nikaandika "hakuna", nikampigia simu Mama Furaha aje amchukue jioni ile, wamfuge tu. Kisha nikakimbia kumwona mtoto. Sikukwambia kamwe. Halafu presha ikakuchukua, na mimi nikabaki na neno lile rohoni.

Juzi Chef aliniomba daftari aandike ripoti ya wakulima. Nikafungua ule ukurasa, na Mungu wangu, Yaya! Katikati ya neno langu umechomeka "o" ndogo ya penseli. Limekuwa "hakuona". Yaani mimi. Ulijua! Labda uliona kitana changu kikavu, hakijaingizwa kwenye spiriti kama tulivyofanya kila baada ya kuchana. Ulijua, na kesho yake niliporudi mchana ukanipokea na chai, ukauliza mtoto anafanana na nani.

Sikungoja. Nilipanda pikipiki mpaka Nyakiriba, njia nzima nawaza homa, nawaza wale watoto, nasema nitapiga magoti. Niliwakuta wanakimbizana kwenye maharagwe, wazima kabisa. Nikaanza kumwomba Mama Furaha msamaha, akanishangaa.

"Msamaha ya nini? Mwenzako si alikuja kesho yake asubuhi? Alimuchana tena, akatoa kupe nyuma ya sikio, akatuambia tumuache arudi kwenye miti. Alisema we ndiye umemutuma."

Mimi ndiye nimekutuma! Na yale magoti yako mabovu, Yaya, kile kilima chote. Nililia palepale kwenye maharagwe ya watu, na Mama Furaha akanishika bega bila kuelewa.

Asante. Asante kwa kuwaponya wale watoto na hatari niliyowaletea. Asante kwa kuniachia jina langu likiwa zuri mbele ya mama yule, ingawa sikustahili. Ungenifukuza kazi, na ungekuwa na haki.

Nimemweleza Chef kila kitu. Aliniomba nimwonyeshe ule ukurasa, akausoma, akanirudishia daftari. Bado niko kazini. Ile "o" yako nimeipitishia wino, na pembeni nimeandika jina langu lote.

Pumzika, dada yangu mkubwa. Nakuahidi hivi: siku nitakayemfundisha atakapoandika uongo kwa haraka zake, nitapanda kile kilima mwenyewe, na nitakayemkuta huko nitamwambia ni huyo mwanafunzi wangu aliyenituma.

Mdogo wako,
Espérance