Tarehe kwenye Kona ya Picha

Jumatano, 3 Septemba

Kibondo. Maji hayajatoka siku ya tatu. Nimefua blauzi moja kwa maji ya ndoo, nimetuma habari ya bei ya maharage, nimechaji betri mbili. Saa tano simu imelia: mtu ameuawa Busunzu, darajani.

Nimefika saa sita na robo. Marehemu anaitwa Festo, dereva wa bodaboda, miaka ishirini na miwili. Majeraha matatu ya panga: shingoni, begani, na kwenye mkono wa kushoto aliouinua kujikinga. Vidole viwili vimekatika. Kimoja nimekiona kwenye changarawe. Cha pili sikukiona. Pikipiki haipo. Damu imeganda kwenye nguzo ya kwanza ya daraja, ile iliyopakwa chokaa. Waliomwona mara ya mwisho wanasema alipakia abiria wawili asubuhi, wageni.

Kaka yake, Jastini, naye ni bodaboda. Hakulia. Alikaa juu ya pikipiki yake akirudia maneno yaleyale kwa Kiha. Nikauliza maana yake. Mzee mmoja akanijibu: "Anasema akimpata, hatamkabidhi kwa mtu."

Maneno mia tatu. Picha za mwili sikutuma.

Jumamosi, 6 Septemba

Kikao cha picha dukani kwa Salum, baada ya swala ya adhuhuri, kama kila Jumamosi. Duka la daftari, kalamu na picha za pasipoti. Tuko wanne: Salum mwenyewe, ambaye wazazi wake walitoka Pangani, Nesi Imakulata, Muha wa Kasulu, Mwalimu Kessy, aliyeletwa huku na ajira kutoka Moshi, na mimi. Mimi peke yangu ndiye ninayelipwa kwa kazi hii, kwa hiyo hawaniruhusu kushindana.

Picha zinaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mwenye picha hafungui mdomo mpaka wengine wamalize. Anayesema "nzuri" anakwenda kuleta chai, maana nzuri si maoni. Na Juni, Imakulata alipoleta picha ya ubatizo wa mwaka juzi, Salum alidai sheria nyingine: picha iwe ya wiki hiyohiyo, na tarehe inayoandikwa na kamera ionekane kwenye kona. Inayoshinda inakaa kwenye kioo cha duka, upande wa barabara, wiki nzima.

Imakulata alileta maharage yaliyoanikwa.

"Nesi, haya umeyapiga picha au umeyapiga sindano?" Salum akamtania. "Yamelala yote."

"Na wewe kila wiki huyo paka wako wa dukani. Siku akifa utauza kamera?"

Kessy alileta picha nyeusi na nyeupe. Bukuru, mrina asali wa Busunzu. Tunamjua wote, anauza sokoni. Amesimama ubavuni mwa nguzo ya daraja, panga begani, nusu ya uso kivulini. Nyuma kumefifia kabisa, miti imekuwa ukungu.

Imakulata akasema panga linakula uso. Akasema pia, nyuma hakuna kitu, ni mtu bila mahali.

"Ndiyo ustadi wenyewe, dada'angu," Salum akasema. "Kupoteza usichokitaka. Tazama ndevu hizo, waweza kuzihesabu. Nzuri!"

Tukacheka. Akaenda kuleta chai. Kessy ameshinda.

Kwenye kona kulikuwa na tarakimu za rangi ya chungwa: tarehe 3, mwezi wa 9. Tarakimu kali kuliko picha yenyewe. Na siku ni Jumatano, na daraja ni lile.

Nilimvuta Kessy nje. Nikamuuliza kama Jumatano alikuwa darajani. Akacheka. Jumatano alisimamia mitihani kutwa nzima. Picha ni ya Aprili. Alikuwa ameisafishia Kasulu, anakoishi mke wake, kwa hiyo Salum hakuwahi kuiona. Wiki hii hakupata muda wa kutoka. Akailaza mezani karibu na dirisha, akaipiga upya kwa kamera yake ndogo, ikapata tarehe mpya.

Nilimwambia aishushe. Pale mtu ameuawa, siku hiyo hiyo, na huyu ameshika panga.

"Jumatatu, mwandishi. Nikishusha leo Salum atanicheka mpaka Krismasi."

Nikasema sawa. Naandika kama ilivyokuwa. Nilisema sawa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepita mbele ya duka saa nne, nikitoka kanisani. Picha ipo kwenye kioo. Vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda wamesimama mbele yake. Mmoja aliipiga picha kwa simu. Nilidhani wameipenda.

Jumatatu, 8 Septemba

Mdomo umevimba. Naandika polepole ili nisikosee mpangilio.

Saa mbili na nusu, sokoni. Bukuru alikuwa anashusha dumu la asali kwenye baiskeli. Pikipiki zikaingia kwa pamoja. Nilihesabu thelathini na moja, huenda zilikuwa zaidi. Jastini mbele, simu mkononi. Akamwonyesha Bukuru kioo cha simu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi." Alitabasamu. Nadhani alifurahi kujiona.

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kwenye mizinga."

"Na panga?"

"Panga ni la kazi, mwanangu."

Pigo la kwanza lilikuwa la mnyororo wa pikipiki, usoni. La pili la jiwe. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Walimlaza chini, wakapokezana. Mmoja alifungua dumu akammwagia asali kichwani, akamsukumia vumbi machoni kwa kiatu. Watu walicheka. Wanawake wa nyanya waliondoa meza zao haraka, bila kelele, kama watu wanaoona mvua inakuja. Mtu akaleta tairi.

Nilipaza sauti kwamba tarehe ya picha si ya kweli, picha ni ya Aprili. Nilisema mara tatu. Mara ya tatu kiwiko kilinipiga mdomoni. Jino moja limevunjika nusu.

Ndipo nikamwona Kessy, upande wa pili wa barabara, daftari za wanafunzi kwapani. Nikamwita kwa jina. Jastini akageuka.

"Mwalimu, picha ni yako? Ni ya Jumatano?"

Wakatulia. Hata waliokuwa na mawe. Ilikuwa nafasi ya kutosha kusema neno moja.

Kessy akasema: "Tarehe inaandikwa na kamera."

Wakaendelea.

Polisi walifika wakati petroli ilikuwa imekwishamwagwa na kiberiti kilikuwa kinatafutwa. Risasi tatu hewani. Watu wakatawanyika. Bukuru: fuvu limepasuka juu ya sikio la kulia, taya limevunjika, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, jicho moja sijui. Alikuwa anapumua. Asali, damu, vumbi na petroli. Nimefua mara mbili, harufu haijatoka.

Nilipiga fremu kumi na moja kabla ya kupaza sauti. Huo ndio mpangilio. Kamera kwanza.

Jumanne, 9 Septemba

Hospitali. Imakulata yuko zamu wodini. Hakunisalimu. Alinisafisha mdomo kwanza, ndipo akasema: "Ulijua tangu Jumamosi?" Nikasema ndiyo. Akafunga chupa ya dawa akaondoka.

Askari amekaa mlangoni. Nilimuuliza kama Bukuru analindwa au ameshikiliwa. Akasema yote mawili. Nje ya geti bodaboda zimejipanga, injini zinawaka. Wanataka wapewe mtu wao.

Mkuu wa upelelezi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno yangu ni maneno. Anamtaka aliyepiga picha, na anataka picha ya kwanza, ile ya Aprili, kutoka kwenye kadi. Bila hivyo Bukuru ni mtuhumiwa wa mauaji, na hawezi kuwaambia wale wa getini vinginevyo.

Kessy hayupo shuleni. Amepanda basi la Kasulu jana mchana.

Salum ameondoa picha kwenye kioo. Ameiweka kwenye droo, ameifunga kwa ufunguo. "Sheria ya tarehe niliileta mimi, dada," alisema. Ni kweli.

Jioni Imakulata alinifuata getini. Bukuru amezinduka kidogo. Haulizi kuhusu Festo. Kwa minong'ono anaulizia nakala yake ya picha. Aprili alimpa mwalimu chupa ya asali, mwalimu akamwahidi nakala. Bado hajapewa.

Jumatano, 10 Septemba

Basi la alfajiri, Kasulu saa tatu. Nimempata Kessy kwa mke wake, Mama Neema, sebuleni, amefunga mapazia.

Alisema watamchoma moto. Alisema atafukuzwa kazi. Alisema hakudanganya mtu, kamera kweli ndiyo inayoandika tarehe. Alilia. Sikuwa na muda wa kilio. Niliweka mezani fremu zangu zote, nilizozisafisha asubuhi ile kwenye studio karibu na stendi, nikazipanga kwa mfuatano. Ya kwanza, mnyororo. Ya tatu, asali. Ya tano, tairi. Ya saba nililenga tairi, lakini kamera yenyewe ikachagua kulenga nyuma: watu wa mbele wamefifia, na anayeonekana vizuri, mpaka vifungo vya shati, ni mwalimu mwenye daftari kwapani.

Kwa hiyo alikuwepo kabla sijamwita. Fremu hiyo sikuwa nimeiangalia vizuri mpaka leo.

"Saa ya kamera yangu ni sahihi," nilimwambia.

Mama Neema aliichukua ya saba akaishika muda mrefu. Kisha akamzaba mumewe kofi, moja, kwa mkono uliokuwa bado una unga. Akaingia chumbani akarudi na kadi.

"Beba viatu vyako, Baba Neema. Utavaa njiani."

Picha ipo kwenye kadi. Tarehe 12 Aprili, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Ina rangi. Nyuma ya Bukuru kila kitu ni kijani, kijani cha masika, hata kwenye ukungu ule. Septemba Busunzu hakuna kijani cha namna ile. Mkulima yeyote angeona. Mwalimu aliitoa rangi kwa sababu aliona inapendeza zaidi.

Alitoa maelezo polisi Kasulu. Kurasa mbili. Alitia saini saa saba na dakika kumi. Mpelelezi akapiga simu Kibondo tukiwa tumesimama.

Bukuru amefariki saa saba kasoro dakika tano.

Alhamisi, 11 Septemba

Vijana wawili wamekamatwa Kagerankanda wakiuza pikipiki ya Festo. Panga lilikuwa chini ya kiti. Wanakijiji walianza kuwapiga. Safari hii polisi waliwahi.

Nimekabidhi fremu zote kumi na moja. Jastini amekamatwa akiwa msibani kwa mdogo wake. Wenzake watano pia. Alipoambiwa kuhusu Kagerankanda aliuliza mara mbili kama wana uhakika na tarehe.

Kessy anashikiliwa. Kwa kosa gani, bado hawajaandika.

Mchana jiwe limepiga mlango wangu. Limeacha alama chini ya kitasa. Mwenye nyumba anataka nihame. Nimemwambia mwisho wa mwezi.

Habari imetoka. Wamekata aya niliyoandika kwamba mwandishi alijua siku mbili kabla. Mhariri anasema haihusiki. Nimemwandikia kwamba inahusika. Hajajibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikwenda dukani kwa sababu ni Jumamosi. Imakulata naye alikuja. Hatukuwa tumepanga. Kamba ipo, vibanio vipo, hakuna aliyeleta kitu. Paka alilala juu ya mashine ya fotokopi.

Saa tisa aliingia mke wa Bukuru na shemeji yake. Wamemzika jana Busunzu. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya kitenge, miguu ina vumbi la njia nzima. Alitusalimu mmoja mmoja. "Mwakeye," salamu ya Kiha ya asubuhi. Ilikuwa mchana tayari. Tuliitikia hivyo hivyo.

Akasema amesikia ipo picha ya mume wake. Nyumbani hawana hata moja.

Salum alinitazama. Hakufungua droo mpaka nilipomkubalia kwa kichwa. Akaiweka kwenye meza ya kioo, uso juu, akarudi nyuma hatua moja.

Mama aliitazama bila kuigusa. Akafuta kidole kwenye kitenge, ndipo akagusa ndevu, kisha nguzo ya daraja, kisha panga. Akafika kwenye kona.

"Hii rangi ni nini?"

"Ni tarehe, mama," Salum akasema.

"Itoe."

Salum aliipeleka kwenye kikatio cha karatasi, akapima kwa rula, akakata upande mzima wa chini. Bukuru amepoteza magoti. Ukanda ulianguka sakafuni, paka akaufuata. Imakulata akauokota, akaukunja, akautia mfukoni mwa sare yake.

Mama aliinyanyua picha akaielekeza mlangoni kwenye mwanga. Tulinyamaza, kama sheria inavyomtaka mwenye picha.

"Nzuri," akasema.

Salum akatoka kwenda kuleta chai. Alikawia.