Kiti Kitupu Kilichotoka Giza

Mpendwa mshauri wa kamera, naomba unijibu kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mama mkwe wangu anafanyiwa upasuaji wa moyo, na kabla ya kwenda hospitali anataka nimpige ile picha ambayo huku Andong tunaiita ya maisha marefu ingawa kila mtu anajua ni ya kuwekwa mbele ya waombolezaji, nami ndiye mwenye studio, lakini naogopa, kwa sababu baba mkwe nilimpiga akiwa na hanbok yake nyeupe, vazi letu la Kikorea, kwenye kiti chetu cheusi mbele ya mlango wa karatasi, uso ukatoka mweusi kama mkaa, akafa kabla ya theluji, kisha jirani yetu Bibi Ok-bun, naye kavaa nyeupe, uso giza, akafa, na sasa mama mkwe ameshapiga pasi nyeupe yake na ananisema mbele ya wageni, "Mwanangu, mbona unanikwepa kama paka aliyeiba samaki? Au unataka watu wainamie picha yangu ya kitambulisho, nimekodoa macho kama mfungwa?" nikamwambia, "Mama, kamera ni mbovu," akacheka, "Mbovu ni wewe!" basi jana nikabadili upimaji wa mwanga, nikaacha kupima fremu nzima nikapima nukta moja tu, nikajaribu kwenye kiti kikiwa kitupu, picha ikatoka giza vilevile, mama mkwe akaitazama, akasema taratibu, "Kumbe mzee amewahi nafasi." Picha nimeiambatisha. Nimpige au nisimpige?

Seo Mal-sun, Andong

Mal-sun,

Pole kwa hofu, lakini sehemu kubwa umejitakia. Wanaokuja kupigwa picha hiyo ni wazee, na wazee hufa. Wale waliovaa rangi, nyuso zikatoka safi, umekwenda kuuliza kama wangali hai?

Ukipima fremu nzima, kamera hukusanya mwanga wote na kutafuta wastani. Nguo nyeupe, mlango mweupe: inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso ndio unaoumia. Kwa picha hii pima nukta, na nukta iwe shavuni, si kwenye nguo. Shikilia kipimo hicho, ndipo upange fremu.

Sasa kiti. Nimepiga picha za magazeti tangu enzi za filamu, na yako nimeikagua vizuri. Nukta ilikuwa kwenye mgongo wa kiti, mbali na mlango. Kiti cheusi kingeifanya kamera iongeze mwanga, picha itoke imepauka. Yako imetoka giza, kama inavyokuwa nukta ikiangukia kitu cheupe. Sina maelezo, na sitakutungia.

Mpige. Jumatano asubuhi, mwanga wa mlangoni ukiwa laini. Akikusema, mwache aseme. Uso wa mtu anayegomba una uhai kuliko wa anayengoja. Lakini kabla hajaketi, inama mbele ya kiti kama ulivyokuwa ukimwinamia baba mkwe akiwa hai, umwombe ampishe mkewe. Kisha pima tena. Kamera ikitaka kuongeza mwanga, kiti ni kitupu.

Mkalishe mama.