Chuma Kilichoandikwa Germany

Katindiuka, Ifakara
Novemba

Dada yangu Theodosia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote hapo Malinyi mkiwa wazima, na kwamba lile goti lako limeanza kukubali kukunjika tangu upewe dawa. Sisi huku hatujambo. Joto ni kali, mashamba yameshasafishwa, watu wanasubiri mvua ya kwanza. Nimempa jirani yetu Marsiana barua hii aje nayo kwenye basi, kwa sababu simu yako hupokelewa na wajukuu, nao huweka spika. Ninayoyaandika si ya spika.

"Chuma kilichoandikwa Germany ni cha Mjerumani, na Mjerumani hakufukia kitu bure." Hayo ni maneno ya mdogo wetu Egidius, nayanukuu kama alivyoyatamka mbele ya watu Kibaoni, asije akasema nimempakazia. Sasa nayajibu. Sufuria ya mke wake imeandikwa India. Hakuna Mhindi aliyeizika jikoni kwake. Mjerumani aliyetutawala aliandika kwa lugha yake, na kwa lugha yake nchi ile haiitwi Germany. Aliyechonga neno lile alikuwa anauza bidhaa nje, kwa watu wanaosoma Kiingereza. Tena chuma chenyewe hakina kutu hata chembe. Jembe likisahaulika shambani masika mbili linabaki unga mwekundu, lakini hiki kimelala kwenye udongo wa mpunga kikatoka kinang'aa kama kijiko cha harusini. Askari wa wakati ule hawakuwa na chuma cha namna hiyo. Nilimweleza hayo yote. Akanijibu kwamba kaka, wewe ungebishana hata na redio.

Nikueleze kilivyopatikana. Egidius alikutana na mtu anaitwa Alex, aliyewahi kuchimba madini Mahenge, ambaye sasa anazunguka na mashine ya kutafutia vyuma ardhini: mti mrefu wenye sahani chini, na yeye mwenyewe kavaa visikilizio masikioni kama mtangazaji wa mpira. Unajua jinsi watu wetu walivyo. Mtu hajalima ekari moja, lakini anajua kwa hakika kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha sanduku la rupia chini ya shamba lake. Nimesoma vitabu vingi juu ya vita vile na sijaona mahali ambapo jeshi linalokufa njaa lilikuwa na nafasi ya kufukia masanduku. Basi wakapita shamba zima la baba. Mashine ililia kwenye kipande cha bati, ikalia kwenye kichwa cha plau, halafu ikalia kwa nguvu kwenye jaruba la mwisho, upande wa mtoni. Wakachimba kufika kiunoni. Kikatoka chuma.

Kina urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani ni tupu, kama bomba, lakini hakikuviringwa vizuri; ukikitazama kwa mbele tundu lake lina umbo la jani la pande tatu. Mwishoni kina jicho refu, kama la sindano. Pembeni kimechongwa lile neno Germany na namba mbili. Alex akaamua palepale kwamba ni ufunguo, jicho ni mahali pa kupitishia mnyororo, na namba ni hatua za kupima kutoka hapo hadi lilipo sanduku. Mimi niliposema pengine ni kipuri cha mashine ya kukoboa, Egidius akawageukia waliokuwapo akawauliza kama wamewahi kumsikia kaka yake akisema sijui. Watu walicheka. Nami nilicheka, ingawa si sana.

Kulikuwa na mifupa pia, imevunjikavunjika. Alex akasema ni ya ng'ombe wa Wasukuma. Ndivyo tulivyofika, dada: kila chuma ni cha Mjerumani na kila mfupa ni wa ng'ombe wa Msukuma. Egidius akampandia jirani yetu Msukuma, Mzee Luhende, hadi nyumbani kwake, kumuuliza kwa ruhusa ya nani alizika mzoga katika shamba la watu. Luhende hakukasirika. Alimwambia mwanangu, ng'ombe akinifia mimi namla, na ngozi yake naiuza. Kumbe nyie Wapogoro mnazika nyama? Egidius akarudi, akaikusanya mifupa kwenye kiroba cha mbolea, akakiweka kwenye tuta, na uchimbaji ukaendelea kwa zile hatua.

Mimi sipendi jambo libaki bila jibu. Nilikipiga picha kile chuma pande zote, nikawaonyesha mafundi wa trekta, wa baiskeli na wa mashine za mpunga. Hakuna aliyekijua. Jumatano nilimpeleka mwanangu Stumai hospitali, alikuwa ameteguka mkono. Tukapokewa na daktari wa mifupa, mama mmoja anaitwa Elineema. Alipomaliza kumfunga nikamwonyesha picha, nusu kwa mzaha, nikimwambia kwamba huu ndio ufunguo wa hazina ya Katindiuka.

Hakuhitaji kutazama mara mbili. Alisema huu ni msumari.

Nikamwambia kwamba misumari naijua. Akasema si wa seremala. Ni wa paja. Mtu akivunjika paja, chuma hiki hupigwa ndani ya mfupa, kutoka huku juu kwenye nyonga, ukaunga. Siku hizi wanatumia vya aina nyingine. Hivi vilikuwa vikija zamani kwenye misaada. Lile jicho ni la kuingiza ndoano siku ya kukitoa. Namba ya kwanza ni unene, ya pili ni urefu kwa sentimita, kufuatana na mfupa wa mgonjwa. Kisha akaikuza picha, akasema huyu alikuwa mtu mrefu. Akaniuliza tumekitoa wapi. Nilipomwambia shambani, kwenye udongo, alinirudishia simu taratibu, akauliza katika familia yetu ni nani aliyevunjika paja.

Dada, wewe ndiye uliyelala naye wodini alipoanguka kwenye tela la trekta. Ulirudi nyumbani kuchukua nguo ukatuambia mama amepigwa msumari. Nilikuwa mtoto. Nikaona msumari wa seremala, wa bati, na nyundo. Miaka yote alipokuwa akichechemea uani, akiinama ili apite mlangoni, mimi niliwaza msumari wa bati. Nimelishika paja la mama yangu kwa mikono miwili nikalibishania kama kipuri.

Mama alipofariki, mwaka wa yale mafuriko, hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyemzika. Wewe maji yalikuzuia Malinyi, mimi nilikuwa shule Songea, na Egidius alikuwa amehamishiwa kwa shangazi akiwa hata hajaanza shule. Baba alituambia kaburi lilikuwa la kina kifupi kwa sababu maji yalikuwa yanaingia, na kwamba ni karibu na kile kichuguu kikubwa. Msalaba ulikwenda na maji. Kichuguu wakaja wafyatua matofali wakakimaliza, na baba naye akafa. Kila unapokuja unatuuliza ni watoto gani sisi tusiojua mama yetu amelala wapi. Sasa tunajua. Yuko kwenye kiroba, juu ya tuta.

Nilikwenda kumwambia Egidius jioni ileile. Hakuniamini. Aliniuliza kama safari hii nimeisoma kwenye kitabu gani. Alisema nimeshindwa kwa hoja, sasa namtumia marehemu. Chuma amekifungia ndani, na Ijumaa ya wiki ijayo anakuja mnunuzi kutoka Morogoro. Nimeshinda mabishano mengi katika maisha yangu, na hili moja siwezi kulishinda. Wewe atakuamini.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mpigie simu, umsomee maneno haya yanayofuata kama yalivyo.

Egidius, nyamaza umsikilize dada. Muulize aliona nini wodini. Kisha mwondoe Alex shambani, na mnunuzi asikikute kile chuma. Kachukue shuka safi, uitoe mifupa kwenye kiroba, urudi shimoni ukapekue udongo kwa mikono, kila kipande, na chuma ukiweke pamoja nayo, kwa sababu ni chake. Ukitaka kunitukana, nitukane baada ya mazishi.

Na wewe dada, panda basi la Jumapili kabla mvua haijaanza. Katekista nimeshamwambia, na sanda na jeneza dogo nashughulikia mimi. Shemeji na watoto wape salamu zangu.

Mdogo wako,
Stanislaus