Pete ya Ngome ya Kina Abasi

Jumanne, 9 Julai 2024. Makambako
Baridi ya kukata masikio, lakini nimechemka hadi koti nimelivua! Abasi, mwenye malori ya viazi, ametangaza mbele ya kijiwe kizima cha kahawa kwamba kwao pwani kuna ngome iliyojengwa kando ya bahari, na sasa imezungukwa na mihogo. Bahari ilihama! Eti babu yake aliiona pete ya chuma ukutani, ya kufungia vyombo vya baharini. Nikamwambia ngome ya baharini isiyo na bahari ni ghala la mtu mwenye majivuno.
Akanijibu: "Mwalimu Teodora, vitabu vyako viliandikwa na watu wa baridi."
Wakacheka. Ashura muuza kahawa akaamua: nendeni mkaone. Pete ikikosekana, Abasi anyamaze kijiweni mwezi mzima. Ikionekana, ninyamaze mimi. Mimi! Niliyemkatiza padri katikati ya matangazo.

Ijumaa, 12 Julai. Ngomeni
Nimekuja na sweta. Mjinga mimi.
Ngome ipo, kubwa, ya mawe ya matumbawe, mihogo hadi mlangoni. Bahari? Saa nzima kwa miguu. Mto ulileta mchanga, anasema Abasi. Tumezunguka asubuhi yote — hakuna pete. Nimemsomesha historia ya maghala hadi adhana ikamwokoa. Amekwenda msikitini kichwa chini.
Nikatafuta kivuli nyuma, kwenye zizi la mbuzi lililoegemezwa ukutani. Asubuhi tulidhani ni uani kwa mtu, tukapita mbali. Bi Zamda, mwenye mbuzi, akanikaribisha: pita mwanangu, usimwogope beberu.
Beberu amefungwa kwenye pete. Ya chuma, nene kama mkono wangu.
"Ya vyombo hiyo. Siku hizi chombo changu ni huyu."
Nimepiga picha. Abasi aliporudi akauliza nimeona nini. Nikasema: mbuzi.
Si uongo!

Jumatatu, 15 Julai. Makambako
Nimeshinda. Kijiweni wananiita Mama Ghala. Abasi ananyamaza kikwelikweli — anaagiza kahawa kwa kidole. Nikasema watu wa pwani hawajui kulima. Akapuliza kahawa yake.

Jumamosi, 20 Julai. Makambako, kijiweni
Haivumiliki. Leo nimesema makusudi kwamba Njombe yetu haina baridi. Julai! Elius fundi baiskeli, amejifunga blanketi, akaitikia: ni kweli, Mwalimu. Kweli gani! Wote wakakubali kwa vichwa. Abasi akafungua mdomo — akaufunga. Mtu wa ahadi, mshenzi huyu. Hata ile salamu yake ya "kamwene", ya kunikejeli kwa Kibena, nimeikosa.
Ashura anauliza naandika nini. Hesabu za viazi, nimemjibu.
Nikimwonyesha picha, mdomo wake unafunguka na wangu unafungwa hadi Agosti ishirini. Na atasema nini yule, mwezi mzima, bila mtu wa kumjibu!
Nimeweka simu benchini, katikati yetu. Kioo juu. Beberu na pete yake.
Abasi ameweka kikombe chini. Anainama —