Kuta za Ihembe Zinabaki

Mtwara, Aprili

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na kahawa yako, na goti limepungua maumivu tangu mvua zianze. Mimi, mume wangu na mtoto hatujambo. Joto la huku linatuchosha, ila mwili umekwisha kulizoea. Ndizi za kupika tunazipata kwa nadra, na hizo tunazopata, ungeziona ungempa mbuzi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitutoshi tena. Sikio lako limekuwa zito, na shangazi akishika simu ili akueleze, mimi nikisema maneno kumi yeye anakufikishia mawili. Ya leo nataka uyasome mwenyewe, yote.

Tangu nilipotoka nyumbani baada ya Krismasi tumekuwa tukikarabati nyumba ya wageni ya masista. Ni nyumba ya zamani, kuta nene, lakini paa lilikuwa limeoza na mabomba yamejaa kutu. Nilikwenda pale kama fundi wa marumaru tu, kama siku zote. Kazi ilipofika katikati, bosi akapata nyingine Lindi, akaniita pembeni. "Adventina," akasema, "hapa utasimamia wewe."

Niliitika, ingawa nilijua haitakuwa rahisi. Mafundi wengine wote ni wanaume, na mkubwa wao ni Mzee Salumu, mwashi aliyejenga nyumba nyingi za mtaa ule. Asubuhi ya kwanza nikamkuta anaandaa plasta ya chumba ambacho mabomba yalikuwa hayajapita. Nikamwomba asubiri.

"Binti yangu," akaniambia, "mimi nilishika mwiko wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, baba. Lakini fundi bomba akija, ni plasta yako atakayoitoboa."

Akanitazama, akatazama ukuta. Kisha akatia mwiko ndani ya ndoo, akawaambia wenzake waanzie nje. Baada ya hapo hakuna aliyenibishia. Siku ngumu hazikukosa. Kuna siku vibarua walitutoka katikati ya kumwaga zege, nikafunga kanga kiunoni nikabeba ndoo hadi viganja vikachubuka.

Juzi tumekabidhi. Sista mkuu alipita chumba kwa chumba, akifungua kila bomba na kupapasa kila kona ya sakafu. Mwishoni akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu, "Kwa baba yangu, Ihembe kule Karagwe. Alinibebesha matofali tangu niko darasa la pili." Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, Tata.

Sasa nije kwenye nyumba yetu. Unakumbuka Krismasi kaka Deus alivyotuonyesha picha kwenye simu yake, nyumba ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta, akasema ya kwetu ibomolewe yote. Ukamjibu, "Nyumba yangu haijanilalamikia," ukaondoka zako kwenda migombani. Kaka alidhani ni ubishi wa uzee. Mimi nilikuelewa. Matofali yale mliyafyatua wewe na Mama, yeye akikanyaga udongo huku ana mimba yangu. Hatuwezi kubomoa kazi ya miguu yake naye amelala kaburini pale pale kibanjani, kwenye migomba yetu.

Lakini ukweli ni kwamba nyumba inaumwa. Kenchi zinazobeba paa upande wa chumba chako zimeliwa na mchwa. Ukuta wa nyuma una unyevu kwa sababu maji ya paa yanamwagikia kwenye msingi. Na wewe, kwa goti hilo, unashuka ngazi kwenda choo cha nje hata mvua ikinyesha. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nikabishana na kaka kwa simu wiki nzima. Mwisho nikamwambia, "Usiniamini mimi. Mchukue fundi unayemwamini, mkagonge kuta." Ndiyo sababu ulimwona amekuja kutoka Bukoba na mtu mwenye nyundo bila kukueleza kitu. Alikuja akitaka kunishinda. Jioni ile akanipigia. Akaanza na habari za mvua na barabara, nikamwacha azunguke.

Kisha akasema, "Adve, fundi anasema nikibomoa kuta zile sitapata tena matofali kama yale." Akaongeza, "Tulipokuwa tunagonga, mzee alisimama tu pale. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, kama mtu anayemshika mgonjwa."

Tangu hapo hajaitaja tena ile picha.

Basi tumekubaliana, na tunakuomba ruhusa. Kuta zinabaki. Kiangazi tutaanza na paa: kenchi mpya, mabati mapya, na mifereji ya kupeleka maji kwenye tangi badala ya ukutani. Paa likishakaa ndipo mabomba na umeme vipite. Choo kitakuwa ndani, mlango kwa mlango na chumba chako, bila ngazi hata moja. Plasta itafuata pale ilipobanduka, halafu sakafu, na hiyo sitampa mtu mwingine. Nitaitandika mimi, kwa magoti yangu. Rangi mwisho, na ya mlango wa mbele utachagua wewe.

Hutahamishwa. Tutafanya upande mmoja kwanza, wewe ukilala upande wa pili. Jiko la kuni la shangazi litabaki nje kama alivyotaka, ila tutalinyanyulia paa moshi upate pa kutokea. Najua utakuwa wakati wa kuanika kahawa, kwa hiyo uwanja wa mbele hatuugusi. Mchanga utamwagwa nyuma.

Kaka ataleta vifaa na mimi nitapanga kazi. Lakini kila asubuhi, kabla fundi hajapanda juu, atapokea neno kutoka kwako. Hiyo si heshima ya mdomo. Nyumba hiyo unaijua kuliko sisi sote.

Jana bosi ameniita tena. Ana jengo jingine, kubwa kuliko la masista, anataka nilisimamie kuanzia Juni. Nikamwambia nitaanza kiangazi kikiisha, kwa kuwa Juni nina kazi.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya mzee mmoja wa Ihembe."

"Mmekubaliana?"

"Bado. Yule hakubali haraka."

Nisalimie shangazi, umwambie nina hamu ya mapishi ya mkono wake. Msalimie jirani yetu anayekuletea maziwa, na katekista aliyetuongoza siku ya kumzika Mama. Mjukuu wako anakuamkia. Ameanza kujua kuandika jina lako.

Nasubiri mwandiko wako, uwe wa kukubali au wa kubisha.

Binti yako,
Fundi Adventina